Kasino Iliyoungua na Wimbo Uliosahaulika kwenye Kanda

 Leo sina orodha ndefu. Nina wimbo mmoja tu, Smoke on the Water, wa bendi ya Kiingereza iitwayo Deep Purple. Usiseme huujui. Hata kama rock kwako ni makelele, ukishapita nyumba yoyote yenye kijana anayejifunza gitaa umekwisha kuusikia mwanzo wake, pengine umepigwa vibaya, lakini umeusikia.

Nimeuchagua kwa sababu moja. Bendi za rock za miaka ile zilipenda sana mafumbo. Mtu aliimba kuhusu majoka, ngazi za mbinguni na mabibi wa ukunguni, halafu wasikilizaji wakabaki wanagombana miaka 30 alikusudia nini. Huu hauna fumbo hata moja. Ni taarifa ya habari. Unaeleza bendi ilikwenda mji gani, ilikwenda kufanya nini, nani alikuwa jukwaani siku ya mkasa, moto ulianzaje, nani aliwatoa watu, na baada ya hapo bendi ilihamia wapi. Ukimpa mwandishi wa habari wa zamu ile kazi, hataongeza mengi. Na mimi nadhani hapo ndipo ilipo nguvu yake, ingawa wenyewe walioutunga walikuwa karibu wausahau.

Twende Uswisi basi, mwanzoni mwa Desemba 1971. Kuna mji mdogo unaoitwa Montreux, uko kando ya ziwa ambalo wenyeji huliita Léman na sisi wengine tunalijua kama Ziwa Geneva. Mbele maji, nyuma milima ya Alps. Ni mji wa mahoteli na wazee wenye pesa zao. Lakini kulikuwa na bwana mmoja, Claude Nobs, aliyesomea upishi kisha akaajiriwa katika ofisi ya utalii ya mji, ambaye mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la jazz pale. Tamasha likakua, na Nobs akawa mtu wa kufahamiana na wanamuziki wa kila namna. Ukitaka kupiga Montreux, unamtafuta Nobs. Ukikosa pa kulala, unamtafuta Nobs.

Deep Purple walikuwa watano. Mpiga gitaa Ritchie Blackmore, mtu wa kununa na mwenye kipaji kikubwa. Mwimbaji Ian Gillan, ambaye mwaka 1970 ndiye aliyeimba sehemu ya Yesu katika santuri ya kwanza ya Jesus Christ Superstar. Mpiga besi Roger Glover. Mpiga ngoma Ian Paice. Na kwenye kinanda cha Hammond, Jon Lord, msomi wa muziki wa Kizungu wa kale, aliyekwisha kutunga kazi ndefu ya bendi na okestra ikapigwa Royal Albert Hall, London, mwaka 1969. Yashike majina hayo mawili, Blackmore na Lord, nitayarudia.

Walikuwa na tatizo ambalo bendi zetu za dansi zinalijua vizuri: jukwaani walikuwa moto, studioni wanapoa. Wakaamua kwamba albamu yao mpya hawatairekodi studioni. Watatafuta ukumbi halisi usio na watu, wafunge vyombo kama wanapiga dansi, na mitambo ya kurekodia ikae nje kwenye lori. Lori lenyewe lilikodiwa kwa The Rolling Stones, ambao walikuwa wametengeneza studio ya magurudumu. Na ukumbi waliouchagua ni kasino ya Montreux, jengo lililosimama tangu mwaka 1881. Kasino ilikuwa inafungwa kwa majira ya baridi. Kilichobaki ni onesho moja la mwisho, na baada ya hapo ukumbi ungekuwa wao.

Onesho hilo la mwisho lilikuwa la Mmarekani Frank Zappa na kundi lake la Mothers of Invention, Jumamosi tarehe 4 Desemba, mchana. Deep Purple wakaenda kutazama kama wageni wengine.

Muziki ukaendelea vizuri mpaka karibu na mwisho. Don Preston alikuwa anapiga solo ya kinanda cha umeme. Katika umati mtu mmoja akatoa bastola ya kurushia fataki za ishara, zile ambazo mabaharia huzirusha wakiwa hatarini, akaielekeza juu, akafyatua. Dari ya ukumbi ilikuwa imepambwa kwa henzirani kavu. Hapo mtu hahitaji kuambiwa kilichofuata. Wimbo haumtaji jina mtu huyo; unamwita mpumbavu tu na kuendelea na habari, na mimi nitafanya vivyo hivyo.

Kilichonishangaza ni utulivu wa mwanzo. Kanda ya onesho lile ipo, ilirekodiwa na mtu aliyekuwa ukumbini, na miaka mingi baadaye ikatolewa rasmi. Zappa hakupiga kelele. Aliwaambia watu watoke polepole kuelekea milangoni, bila kukimbizana. Ukumbi ulijaa vijana, na hofu ingeweza kuwaua wengi kabla moto haujawafikia. Lakini milango haikutosha, vioo vikavunjwa, watu wakapitia madirishani. Nobs naye akawa anaingia na kutoka, akiwavuta vijana waliokuwa wamekimbilia sehemu za ndani wakidhani huko ndiko salama. Ndiyo maana jina lake limo katika wimbo, tena kwa lakabu ya kirafiki. Wapo walioumia. Hakuna aliyekufa. Ukiitazama picha ya jengo lile likiwaka, unaona kwamba kutokufa mtu pale kulikuwa karibu na muujiza.

Vyombo vya Zappa viliteketea vyote. Na masikini Zappa, balaa halikuwa limemwacha. Tarehe 10 Desemba, hata wiki haijatimia, alikuwa jukwaani katika ukumbi wa Rainbow, London, akipigia vyombo vya kukodi. Mtazamaji mmoja akapanda akamsukuma, akaanguka chini kwenye shimo la okestra. Akavunjika mguu, akaumia kichwa na koo, akakaa muda mrefu kwenye kiti cha magurudumu, na sauti yake ikawa nzito kuliko ilivyokuwa. Watu huukumbuka moto wa Montreux kwa ajili ya Deep Purple, lakini aliyeulipia ni huyu.

Turudi ziwani. Deep Purple walikwisha kutoka salama, wakawa hotelini wanatazama kwa dirishani. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani, ukauchochea moto na kuusukuma moshi juu ya maji. Kasino ikawaka mpaka usiku. Walikuwa wanautazama ukumbi wao wa kurekodia ukiisha, na lori la kukodi limeegeshwa linawasubiri.

Baada ya siku chache Roger Glover aliamka asubuhi, peke yake chumbani, akajisikia akitamka maneno yale manne ya Kiingereza kwa sauti, moshi juu ya maji. Hakujua kama aliyasema kweli au aliota. Akampelekea Gillan. Gillan hakupendezwa sana. Aliona yanafanana na jina la wimbo wa wavuta dawa za kulevya, na wao walikuwa bendi ya walevi wa pombe, si wa vitu hivyo. Wakayaweka kando.

Shida ya wakati ule haikuwa maneno. Shida ilikuwa pa kupigia. Nobs, ambaye mji wake ulikuwa umepoteza jengo kubwa, bado akapata nafasi ya kuwahangaikia wageni. Akawatafutia ukumbi wa maonesho unaoitwa Pavillon, katikati ya mji. Wakafunga vyombo. Blackmore akaja na kipande kifupi cha gitaa, Paice akakitilia mdundo, wakakifanyia kazi mpaka usiku wa manane.

Sasa fikiria watu wa Montreux, wamelala, na ghafla sauti kama mabati yanaburutwa juu ya mwamba. Wakapiga simu. Polisi wakaja. Lakini bendi ilikuwa haijapata rekodi inayoridhisha, na wasaidizi wao wakaushika mlango kwa ndani, polisi wakiubisha kwa nje, mpaka kipande kikaisha kurekodiwa vizuri. Ndipo mlango ukafunguliwa, na bendi ikafukuzwa. Kwa hiyo muziki unaousikia katika wimbo huu, yaani gitaa, besi, kinanda na ngoma, ndio huo uliopigwa usiku ule polisi wakiwa mlangoni. Maneno hayakuwapo bado. Kwenye kanda kipande hicho kiliandikwa jina la muda tu, kikawekwa kabatini.

Nobs akaanza tena kutafuta. Safari hii akapata Grand Hotel, hoteli kubwa ya zamani nje kidogo ya mji, iliyofungwa kwa msimu. Tupu, baridi kali. Wakachukua magodoro vyumbani, wakayasimamisha ukumbini ili sauti isirudi, wakatandika mablanketi, wakafunga vyombo kwenye korido. Lori likakaa nje na nyaya zikapitishwa madirishani. Kulikuwa na tatizo moja la kuchekesha: ili mwanamuziki atoke korido akasikilize lorini kile alichopiga, ilimbidi apite vyumba, aingie bafuni, atokee kibarazani, ashuke, azunguke, avuke ua kwenye baridi. Baada ya siku mbili tatu wakachoka. Wakaacha kwenda kusikiliza. Wanapiga, wakiona moyoni imekaa, wanahamia wimbo mwingine. Watu wa studio za leo, wenye kurudia mstari mmoja mara 40, wangeugua.

Albamu nzima ilikamilika kabla ya Krismasi, na ilipewa jina Machine Head. Karibu ikamilike, niseme. Fundi mitambo wao, Martin Birch, alipojumlisha dakika aliona kwamba santuri ina upungufu wa dakika kadhaa. Hapo ndipo mtu akakumbuka ile kanda ya Pavillon. Ina muziki, haina maneno. Maneno yataandikwa juu ya nini? Kwa nini tusieleze yaliyotupata? Gillan na Glover wakakaa wakaandika: tulikuja, ukaungua, tukafukuzwa, tukaishia hoteli tupu yenye baridi, muda unatuishia. Wimbo unaelezea mpaka jinsi albamu yenyewe ilivyorekodiwa. Ni wimbo unaojisimulia kuzaliwa kwake, jambo ambalo si la kawaida, na uliandikwa kwa haraka ya kujaza nafasi.

Nobs mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba walikwenda nyumbani kwake wakampigia rekodi hiyo kama zawadi ya kirafiki, wakimwambia si jambo kubwa. Akawashangaa. Akawaambia huu utakuwa mkubwa. Mpishi wa Montreux alikuwa na sikio zuri kuliko bendi yenyewe na kampuni yake, kwa sababu albamu ilipotoka Machi 1972, wimbo uliochaguliwa kutangulia redioni ulikuwa mwingine, Never Before. Nani anaukumbuka leo? Wachache sana.

Waliogeuza mambo ni watu wa kawaida kumbini. Kila bendi ilipopiga Smoke on the Water, watu waliwaka. Agosti 1972 bendi ilirekodiwa jukwaani Osaka na Tokyo, na santuri ya maonesho hayo, Made in Japan, ikauonesha wimbo ukiwa na mbawa. Kampuni ya Marekani ikashtuka. Mei 1973, zaidi ya mwaka baada ya albamu kutoka, ikautoa wimbo peke yake kwenye santuri ndogo, umekatwa ufupishwe kwa ajili ya redio, upande mmoja wa studioni na upande wa pili wa jukwaani. Ukapanda hadi nafasi ya 4 katika orodha ya Billboard.

Na hapa kuna uchungu kidogo. Wimbo ulipokuwa unapanda Marekani, Gillan na Glover, wale wawili walioandika maneno, walikuwa wametoka kwenye bendi. Onesho lao la mwisho lilikuwa Osaka, mwishoni mwa Juni 1973. Walichoshwa na safari zisizokwisha, na Gillan na Blackmore hawakuwa wanapatana tena. Kikosi kile kikaja kuungana upya mwaka 1984, kikavunjika tena, lakini hiyo ni hadithi ya jioni nyingine, tena ndefu na yenye lawama nyingi.

Sasa nije kwenye kile kipande cha gitaa, maana nilikuahidi Blackmore na Lord. Kimetengenezwa kwa noti nne tu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukipata kwa mchana mmoja, na ndiyo sababu wauza magitaa duniani kote wamekichoka. Lakini sikiliza vizuri. Wengi hukipiga kwa noti moja moja, au kwa yale mafungu mazito ya nyuzi yaliyozoeleka kwenye rock. Blackmore anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, na haziparazi kwa kile kijiplastiki cha kupigia. Anaziminya kwa vidole, zote mbili zinalia kwa wakati mmoja. Amelalamika mara nyingi kwamba watu hukikosea. Ana haki. Tofauti ni ndogo, lakini ukishaisikia huwezi kuiacha.

Anaanza peke yake. Kisha Paice anaingia na matoazi, taratibu, kama anayebisha hodi. Kisha Lord. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, wanadhani wanasikia magitaa mawili. Si gitaa. Ni kinanda cha Hammond, ambacho Lord alikipitisha kwenye amplifaya za gitaa mpaka sauti ikakwaruza. Msomi yule wa okestra aliona kwamba kazi yake katika wimbo huu ni kurudia zile zile noti nne na kuzinenepesha, basi. Mwanamuziki mwenye majivuno angeongeza mapambo. Mwisho kabisa anakuja Glover na besi, na nyumba inasimama. Mpangilio huo wa kuingia mmoja mmoja, kwa maoni yangu, umechangia mafanikio ya wimbo kuliko hata noti zenyewe, kwa kuwa unamfundisha msikilizaji kile kipande kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Wimbo ukaenda mbali. Mwaka 1989 wanamuziki wa rock walikusanyika London wakaurekodi upya ili kuchangia watu wa Armenia, ambao Desemba 1988 walipatwa na tetemeko kubwa la ardhi. Gillan alikuwepo, Blackmore alikuwepo, na Brian May wa bendi ya Queen naye akapiga gitaa.   

Nimemtaja Brian May, basi nimalizie deni la Montreux. Kasino ilijengwa upya, ikafunguliwa mwaka 1975, na safari hii ndani yake kukawekwa studio ya kisasa, Mountain Studios. Mji ambao bendi moja ilikosa pa kurekodia ukawa na pa kurekodia. Mwaka 1978 Queen wakaja kurekodi pale, wakapapenda, na mwaka uliofuata wakainunua studio yenyewe. Mwimbaji wao, msikilizaji wangu wa Unguja unamjua, ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mwaka 1981 alirekodi humo Under Pressure pamoja na David Bowie. Mwaka 1991, akiwa mgonjwa sana, alirudi Montreux kuimba nyimbo zake za mwisho katika studio ile ile, juu ya kiwanja kile kile kilichoungua. Alifariki Novemba mwaka huo, na miaka mitano baadaye sanamu yake ikasimamishwa kando ya ziwa, mkono juu, akiyatazama maji. Deep Purple nao wana kumbukumbu yao ufukweni hapo. Kwa hiyo mtoto wa Zanzibar na wale Waingereza watano ni majirani huko Uswisi.

Jon Lord alifariki Julai 2012. Claude Nobs aliumia akiteleza kwenye theluji mkesha wa Krismasi mwaka huo huo, akafariki Januari 2013. Tamasha lake linaendelea kila mwaka.

Sasa nanyamaza, fundi wetu aweke santuri. Nakuomba uusikilize ule wa studioni, si wa jukwaani, dakika tano na ushei bila kukatwa. Usiyahangaikie maneno mwanzoni. Hesabu wanavyoingia: gitaa, matoazi, kinanda, besi. Ukifika kwenye solo ya Blackmore, kumbuka inatoka kwenye kanda iliyokaribia kusahaulika kabatini. Na wewe mpiga gitaa unayenisikiliza, kiweke chini kile kijiplastiki. Tumia vidole.